Bi Rudia na Nyota Tatu za Ukurasa wa Themanini na Saba

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia imenisimamisha mimi kitinda mimba niwasomee safari ya mama yetu, na baba mdogo ameniomba nisome taratibu, nisigeuze msiba kuwa mdahalo wa chuoni, nami nimemkubalia nusu, kwa kuwa taratibu nitasoma.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Rudia na baadhi yenu hamkuwahi kujua kwamba ana jina lingine, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa fundi wa boila na mshonaji wa nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na karakana ya reli, na bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakushtushwa na kelele za nyundo hata siku moja, isipokuwa nyundo ikikosea mdundo, hapo ndipo aliponyanyua kichwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaingia sekondari ya wasichana Januari 1975 na kuhitimu Novemba 1978, na huko ndiko alikookota kitabu chake cha kwanza cha jalada laini, riwaya ya zamani sana iliyokuwa imesukumwa chini ya mguu wa kabati la maabara ili kabati lisiyumbe, kurasa kumi na sita za mwanzo zimeng'oka, naye akaisoma mara nne kuanzia ukurasa wa kumi na saba, na miaka mingi baadaye alipoipata nzima alizisoma zile kumi na sita kwa makini, akafunga kitabu, akatamka kwamba mwandishi alichelewa kuanza.

Baada ya mafunzo ya uchapaji ya miaka miwili, aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1983 kuwa msoma prufu katika shirika la vitabu, ghorofa ya pili, juu kabisa ya chumba cha mitambo, ambako chai ilikuwa ikitetemeka kikombeni tangu asubuhi hadi jioni, na kwa wasiojua kazi hiyo, ilifanywa na watu wawili kwenye meza moja, mmoja akisoma muswada kwa sauti, kila mkato na kila nukta ikitamkwa, mwingine akifuata kwa kidole ukurasa uliopangwa kwa ajili ya kuchapwa, na palipomtia shaka mama alisema neno moja tu, "Rudia," akilisema kwa mkuu wa idara kama alivyolisema kwa mgeni wa jana, na jina likamganda.

Mwaka 1987 shirika lilipotaka kutoa upya vitabu vikuu vya kale, vya fasihi na vya sayansi, mama aliyekuwa na miaka ishirini na sita alikwenda kwenye kikao ambacho hakualikwa, akasema vitabu hivyo vimekaa vya kutosha nyuma ya vioo vya maktaba, vinene, vyenye majalada magumu ya kuogopesha watu, na kwamba vitoke kwa jalada laini, kwa umbo la kuingia kwenye mkoba, kwa herufi za kusomeka na mtu aliyesimama kwenye foleni akiwa amebeba mtoto kwa mkono wa pili, na maelezo ya maneno magumu yawekwe chini ya ukurasa uleule, si mwisho wa kitabu ambako hakuna anayefika, na mkubwa mmoja alipocheka na kumuuliza, "Sasa dada, muuza nyanya atasoma habari za mwendo wa sayari?" alimjibu, "Mchapie kwanza, ndipo umuulize," wakachapa, na kitabu kikaisha ghalani kabla ya kutimia miezi minne.

Alimfahamu baba yetu, fundi wa lifti, tarehe 11 Februari 1988, alipokwama ndani ya lifti ya shirika dakika arobaini akiwa na prufu mikononi, na baba alipofanikiwa kuutanua mlango kwa nondo, jasho likimtiririka, akitarajia ahsante, alisikia sauti ikisema, "Subiri kidogo, namalizia ukurasa," na baba anasema hapohapo alijua amekwisha, wakafunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988, ambapo mama, kwa mazoea ya mezani, alisoma kiapo chake kwa sauti ya kazini pamoja na mikato yote, hadi mfungishaji ndoa akainamisha uso kuficha kicheko, na Mungu akawajalia watoto wawili, kaka yangu, ambaye ni muuguzi, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1991, nami niliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2002, tukalelewa katika nyumba ambayo mtu hakuruhusiwa kusema "hicho kitabu kigumu" kabla hajafika ukurasa wa hamsini.

Sasa nafika mwaka 2008, na baba mdogo, uniwie radhi.

Mwaka huo shirika lilichapa kitabu cha kale cha elimu ya nyota, chenye picha ya anga ukurasa wa themanini na saba, na maandishi yanayomwambia msomaji ahesabu nyota saba katika kundi moja dogo, nakala elfu nne zikatoka, na wiki mbili hazikupita kabla mwalimu mmoja wa fizikia hajapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, kitabu mkononi, akiuliza, "Jamani, nyota zangu tatu ziko wapi?" kwa sababu kwenye picha zilikuwemo nne tu, na meneja wa uzalishaji akamwita mama, akamwekea karatasi ya idhini mezani, akamuuliza, "Saini hii ni yako au si yako?" mama akasema ni yake, na tarehe 23 Juni 2008 akapewa barua ya onyo kali, iliyotiwa kwenye faili lake na haijatoka humo hadi leo ninapoongea.

Ukweli ni huu, na kila aliyewahi kufanya kazi kwenye jengo lile atauelewa mara moja, picha za vitabu wakati ule zilipigwa kwanza kwenye filamu, na kwenye filamu cheusi huwa cheupe, kwa hiyo nyota, ambayo ni nukta nyeusi kwenye karatasi, huonekana kama tundu dogo la mwanga, na chembe ya vumbi nayo huonekana vivyo hivyo, na kazi ya fundi wa filamu ni kuziba matundu ya vumbi moja moja kwa brashi na rangi, na fundi wetu, mtu safi, mwangalifu kupita kiasi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti na hakuwa amemwambia mtu, alizisafisha nyota tatu akidhani ni uchafu, baada ya mama kutia saini, na mama alilijua hilo siku ileile, kwa sababu prufu aliyoisaini alikuwa nayo, iko kabatini kwetu chini ya mablanketi, nimeihesabu mwenyewe, nyota ni saba.

Hakuitoa, kwa kuwa fundi alibakiza miaka sita astaafu na angefukuzwa kwa kuficha ubovu wa macho yake, na badala yake aliomba zile nakala ambazo hazijauzwa ziletwe nyumbani, elfu tatu na mia moja, zikajaa sebuleni hadi mlangoni, akakata kadi, akaitoboa matundu matatu kwa sindano, na likizo nzima tulikaa mezani, baba akifungua ukurasa, mama akiweka kadi, kaka akidonoa kwa kalamu ya wino mweusi, nami wa miaka mitano nikipuliza wino ukauke, na kama unacho kitabu hicho nyumbani kwako, kuna uwezekano mkubwa kwamba pumzi yangu imepita humo.

Kuanzia siku ya onyo hilo, kila alipoomba jina lake liandikwe kwenye vitabu alivyovisimamia, alijibiwa kwamba mwenye onyo hawezi kutajwa, na alipostaafu tarehe 31 Machi 2021 alikuwa ameviandaa vitabu sitini na kimoja, na katika hivyo sitini na kimoja ametajwa mchora jalada, ametajwa mwenye ghala, imetajwa hata namba ya simu iliyokwisha kukatwa, yeye hayumo.

Mwezi Novemba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa akihudhuria hospitali mara tatu kwa wiki, prufu za toleo jipya la kitabu kilekile cha nyota, alizoletewa na wenzake, zikiwa mapajani wakati mashine ikisafisha damu yake, na mwezi uliopita, tarehe 12 Mei 2025, fundi wa filamu, ambaye sasa huongozwa na binti yake, alikuja wodini na barua aliyomwandikisha binti huyo, inayosema wazi kwamba ni yeye aliyezifuta nyota zile, na ameharibu kitabu, na maisha ya mama, na heshima ya shirika, na mama akaisoma yote, akaomba kalamu nyekundu, akakata mistari mitano, akamwambia, "Wewe mzee unapenda makuu, hukuharibu maisha ya mtu, ulifuta nyota tatu, rudia," na barua iliyorudiwa, yenye mistari minne, ilipokelewa shirikani kwa muhuri tarehe 20 Mei, na jibu lililokuja kwa simu lilikuwa kwamba toleo jipya lina muundo wa kisasa na ukurasa wa pili, ule wa majina ya waandaaji, umeshajaa.

Mama yetu alifariki dunia tarehe 9 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, kaka akiwa amemshika mkono, akili yake ikiwa timamu kabisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliojifunza kumchoma sindano bila kumtoa kwenye sentensi, inawashukuru majirani mliotupikia na kulala nasi siku hizi tatu, inawashukuru wasoma prufu wenzake waliokuja wote, na inamshukuru fundi wa filamu, aliyeketi pale mbele na binti yake, ambaye ametupa ruhusa ya kuyasoma haya kwa kauli yake mwenyewe, "Soma, mwanangu, mimi nimechoka kuyabeba."

Na mwisho, tunamshukuru meneja wa uzalishaji wa mwaka 2008, ambaye leo ni mkurugenzi wa shirika na tuko naye hapa safu ya pili, tunamshukuru mapema, mbele yenu nyote mlio mashahidi, kwa kuitoa ile barua ya onyo kwenye faili, na kwa kuliandika jina la mama yetu, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho chake, katika toleo linaloingia mtamboni tarehe 3 Julai, na kwa kuwa tunajua ukurasa wa pili umejaa, tumeridhia liwekwe ukurasa wa kwanza.

Mama, kazi yako imekamilika na haina cha kurudiwa, pumzika sasa kwa amani.