Bi Mwanapili Aweka Kamera Chini

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Mwanapili Ubwa Mcha anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Ameitumikia Studio ya Upeo, hapa Malindi, Unguja, tangu ilipokuwa chumba kimoja chenye feni moja. Ndiye wa kwanza miongoni mwetu kutengeneza filamu za maisha halisi ya watu katika mabara matano.

Hakuajiriwa kupiga picha. Mwaka 1991 alitoka kwao Makunduchi akaja kuwa karani wa kupiga taipu. Siku moja mpiga picha akashikwa na homa, na mkurugenzi wetu wa wakati huo, Mzee Mansour, akauliza nani anaijua kamera. Bi Mwanapili akasema yeye. Ukweli ni kwamba alikuwa akiifuta vumbi kila asubuhi, basi. Alirudi na dakika kumi na mbili za sakafu ya soko la samaki, kwani aliiwasha kamera alipodhani anaizima. Mzee Mansour alicheka mpaka akavua miwani, kisha akampa kanda nyingine.

Filamu yake ya kwanza aliipiga Bwejuu, kwa akinamama wanaolima mwani. Walimkatalia. Kiongozi wao, Bi Amne, alimwambia wazi: “Wenye kamera wanatupiga picha za migongo tu, wanakwenda zao. Wewe wataka nini?” Bi Mwanapili hakubishana. Aliirudisha kamera mkobani, akaingia majini, akafunga mwani kambani pamoja nao kwa siku tisa. Siku ya kumi Bi Amne mwenyewe akamuuliza, “Mbona hicho kimashine chako hukitoi?”

Tangu hapo milango ilimfungukia kila alikokwenda. Kule Mongolia, kwa wafugaji wa farasi, alimwamkia mzee wa kambi kwa shikamoo kila asubuhi, akamfundisha na jibu lake. Siku ya nne mzee alitoka hemani mbio, akapaza sauti, “Marahaba!” kabla mgeni hajafungua kinywa. Tunaambiwa kambi nzima iliendelea kuamkiana hivyo hata baada ya yeye kuondoka.

Lakini kazi haikuwa kicheko siku zote. Mwaka 2009 yeye na fundi wetu wa sauti, Haroub, walikwenda kisiwa kidogo cha Ufilipino kuwapiga picha wakulima wa mwani wa huko. Zikiwa zimebaki siku sita wamalize, kimbunga kikapiga. Maji yaliingia nyumbani walimofikia. Bi Mwanapili alikuwa tayari mlangoni, mkoba wa kamera na kanda zote mgongoni, alipogeuka akamwona mwenyeji wao, bibi mmoja aitwaye Rosa, ambaye hakuweza kutembea. Akauvua mkoba. “Haroub, nibebeshe bibi!” Wakapita kwenye maji ya kiunoni, wakipokezana, hadi kanisani kilimani. Mkoba haukuonekana tena.

Alirudi Unguja mikono mitupu. Kikao kikaitwa, na wapo waliotaka afukuzwe. Mzee Mansour, aliyekuwa bado mkurugenzi, akamuuliza kama anajuta.

“Nnasikitika sana,” alisema. “Nimelia njia nzima. Lakini ningekuwa pale tena, ningeuacha ule mkoba.”

Hapo Haroub akaweka mezani kinasa sauti kidogo. Kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, ndani ya plastiki, na kilikuwa kikinasa muda wote. Kikao kizima kikasikia upepo, Bi Rosa akisali, na Bi Mwanapili akihesabu hatua kwa sauti ili wasikate tamaa. Hakuna aliyetaja tena kufukuzwa. Miezi minne baadaye walirudishwa kisiwani, wakawapiga picha watu wakijenga upya, na sauti zile zikawa roho ya filamu iliyoonyeshwa katika nchi kumi na moja. Bi Rosa aliitazama akiwa mstari wa mbele. Tuzo ya shaba iliyoletwa na filamu hiyo ndiyo inayozuia mlango wa jiko letu usijifunge. Bi Mwanapili mwenyewe aliiweka pale.

Kasoro anazo. Mimi niliyemhariria filamu zake kwa miaka kumi na tisa nashuhudia kwamba kwake yeye, kukata picha ni msiba. Utasikia, “Shahida, mwache mama wa watu amalize chai yake,” na filamu ya dakika hamsini inafika saa mbili. Mara nyingi tuligombana. Mara nyingi zaidi, alikuwa na haki.

Amefundisha wapiga picha kumi na wanne, akiwemo Nassra, anayepokea nafasi yake.

Tulipoandaa hafla ya kumuaga tulipekua kanda zote kutafuta sura yake. Hatukuipata hata kwenye kanda moja. Tulipata kivuli chake kwenye theluji, na mkono wake ukimpa mtoto maji. Kwa hiyo, Bi Mwanapili, Jumatatu, kwenye hafla, Nassra atakuwa ameshika kamera, na kiti cha mbele ni chako. Usikimbie.

Ahsante kwa kutufundisha kutazama watu. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe raha na wajukuu zako, na siku zako zijazo ziwe ndefu kama zile filamu ulizonikataza kuzikata.