Elirehema Hakuja Kuimba

Mgeni rasmi, Mzee Zephania mwenyekiti wa kamati ya maji, wachungaji wetu, wazazi na vijana: shikamooni wakubwa, na wengine wote tunawasalimu.

UKARIBISHO

Karibu kijijini kwetu Mhezi. Pole kwa barabara. Sisi tumeizoea kama tulivyozoea kusubiri. Ukituona tumechoka usidhani hatujafurahi. Chai ipo, ingawa imepoa.

TULIKOTOKA

Sisi ni wazazi wa vijana wenye ulemavu wa akili. Watoto wetu walipomaliza shule walirudi nyumbani kukaa. Tukaazima chumba cha kanisa, tukawafundisha wenyewe kupika, kufua, kwenda dukani na kurudi, na kazi za shamba. Majirani walituuliza, "Huyo naye nani atampa kazi?"

MAFANIKIO

Jibu alilileta Elirehema, mtoto wa mwenzetu Asteria. Huku kwetu maji ya mfereji hulala kwenye ndiva, bwawa letu la udongo. Asubuhi mtu huizibua yaende mashambani, jioni akaiziba. Elirehema alifundishwa taratibu, jambo moja moja, mpaka kamati ikampa kazi hiyo kwa ujira. Akajinunulia mabuti. Akaanza kutembea katikati ya njia kama watu wengine, na mama yake alilia kwa furaha.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwaka jana alikuja mgeni mwingine, nasi tukataka amwone kijana wetu anayejitegemea. Tukamfuata ndivani alfajiri, kabla hajazibua, aje kuimba kwenye kwaya ya vijana wetu.

"Mama, na maji?" alimuuliza mama yake.

"Maji yatasubiri, mwanangu. Mgeni hasubiri."

Mgeni alifika alasiri. Ndiva ilifurika, ikabomoa ukingo na kusomba maharage ya watu. Elirehema akaachishwa kazi kwa kosa letu. Alishinda ndani, mabuti yakiwa mlangoni, na kila asubuhi alimuuliza mama yake kama maji bado yanasubiri. Tuliumia sana, na hatujapona.

Ukingo tuliujenga upya kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kila mzazi na jembe lake. Mzee Zephania akamrudisha kwa majaribio: akiiacha tena zamu yake, basi. Majaribio yanaisha leo jioni.

OMBI

Ofisi yako ilitutaka tuwalete vijana wote. Elirehema hatukumwita. Kwaya itapwaya kwenye sauti ya chini, utuvumilie.

Leo hatuombi cherehani. Za ahadi zilizopita bado tunazingoja. Tunaomba useme hapa, Mzee Zephania akisikia, kwamba kijana aliyekosa kukupokea kwa sababu yuko kazini hajakuvunjia heshima, na kwamba kazi ile ni yake.

Ukishuka utamwona kando ya mfereji. Mpungie mkono upite. Tafadhali usimwite. Ukimwita atakuja, maana sisi ndio tuliomfundisha kwamba mgeni hasubiri.

Mungu akushushe mlima salama, na akukumbushe tuliyosema utakapofika tambarare.

Ni sisi, Kikundi cha Wazazi Tusichoke, Mhezi.
Imesomwa na Hedwiga, kwa niaba ya wenzake.