Dada Yetu, Mpiga Saksafoni Asiyekubali Kukatazwa

Marehemu dada yetu, ambaye bendi nzima ilimwita Mama Saksa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba mwashi na mama mkunga. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa akipiga kelele na hakuona sababu ya kuacha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, na mwaka 1975 akaingia sekondari iliyokuwa na bendi ya matarumbeta. Mwalimu wa bendi alimwambia kwamba wasichana wanaimba, wavulana wanapuliza. Dada hakubishana. Kila siku baada ya masomo alijitolea kufagia chumba cha vyombo, akajifungia humo na saksafoni moja kuukuu, iliyofungwa mpira mahali springi ilipokatika. Miezi saba baadaye mpulizaji saksafoni wa shule akaugua surua, zimebaki siku mbili kufika mahafali. Mwalimu akabaki kushika kichwa. "Naiweza, mwalimu," dada akasema, "na sehemu yake nimeshaikariri." Tangu siku hiyo hakuna aliyemrudisha kwenye kwaya.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1983, akafundisha muziki sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Jioni alipiga jazi kwenye ukumbi wa hoteli, na mwaka 1990 akaanzisha bendi yake ya watu wanane. Alitunga vipande arobaini na viwili, akatoa albamu nne. Waliomsifu kwa kipaji aliwakatiza: "Kipaji gani? Njooni muone midomo yangu ilivyochanika."

Aliolewa tarehe 6 Agosti 1988 na shemeji yetu, fundi redio. Walipanga chumba na sebule, kuta nyembamba, majirani wakali. Wiki ya kwanza tu shemeji alirudi kutoka kazini akasikia kabati la nguo linalia. Kufungua, akamkuta mkewe amesimama katikati ya makoti, jasho linamtiririka, anafanya mazoezi. "Funga mlango, baba, majirani!" akaambiwa. Akafunga. Walijaliwa binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja.

Oktoba 2020 mapafu yake yalianza kukakamaa. Daktari akamwambia, "Mama, hicho chombo sasa kiweke pembeni." Akajibu, "Daktari, wewe nipe dawa. Ushauri wa kuacha nimepewa na majirani tangu mwaka themanini na nane." Wakati huo alikuwa akitunga kipande kirefu kuliko vyote, cha dakika arobaini, na aliapa atakipiga mwenyewe mbele ya watu. Sisi wadogo zake tulimsihi aache. Tuliogopa, na hatuoni haya kusema hivyo leo.

Pumzi ilipozidi kupungua, alizikata sauti ndefu na kutia alama ya penseli nyekundu kila alipohitaji kuvuta hewa. Binti yake, aliyekuwa akinakili karatasi za bendi, akadhani ni vituo vya wote, akamwekea kila mpigaji. Siku ya mazoezi, katikati ya muziki, bendi nzima ikanyamaza. "Nani kawaambia mnyamaze?" dada akafoka. Mpiga ngoma akainua karatasi yake. "Si umeandika mwenyewe, Mama?" Binti alitamani ardhi immeze. Dada akaagiza warudie. Wakarudia mara tatu. Mwishowe akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Usifute kitu, mwanangu. Nilikuwa napumua peke yangu kama mgonjwa. Sasa tunapumua wote."

Tarehe 18 Februari 2023 alikipiga kipande hicho ukumbini, ameketi, mtungi wa oksijeni nyuma ya kiti, kuanzia noti ya kwanza mpaka ya mwisho. Baada ya hapo hakuigusa tena saksafoni. Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na wanafunzi ambao hata yeye alishindwa kuwahesabu. Ameiachia bendi agizo pia, kwa mwandiko wake mwenyewe: kiti chake kisiwekwe maua wala kisiachwe kitupu. "Akae mtu, apige. Akikosea, arudie."

Mungu akupe pumziko jema, dada yetu.