Mwizi Wetu wa Asubuhi Anastaafu

Kwa hiyo ndiyo hivyo, wapendwa, yale tuliyokuwa tunabishania kantini ni kweli. Haongezewi mkataba, na mwenyewe hakuomba. Mzee Bujiku Luhende wa kitengo cha ulinzi anatuaga tarehe 4 Julai, baada ya miaka kumi na tisa hapa mgodini.

Alianza kama mlinzi wa geti, enzi za uzio peke yake. Ulipokuja mradi wa kufukia nyaya kuzunguka eneo lote, alikuwa miongoni mwa waliochimba mtaro kwa sululu. Kwa wasiozijua, nyaya hizo zimelala chini ya udongo na juu yake nyasi zinaota kama kawaida. Anayepita hapo haoni wala hasikii kitu, lakini kwetu, chumba cha ulinzi, skrini inawaka na kuonyesha alipo.

Nyaya lazima zijaribiwe kila asubuhi, na wa kuzijaribu ni mtu anayejifanya mvamizi. Kazi hiyo akapewa yeye. Huzunguka mgodi mzima peke yake, akivuka kipande kimoja anasimama na kuita kwenye redio kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma: "Mwangaluka! Mwizi yuko kona ya korongo." Nasi tunajibu: "Tumekuona, Mwizi Wetu." Hapo ndipo anasogea kipande kinachofuata. Ameingia mgodini kwa wizi mara nyingi kuliko wezi wote wa Geita, na hajatoka hata na kokoto!

Masika moja aliita, na skrini ikabaki giza. Panya walikuwa wametafuna waya. Kipande kile kilifukuliwa na kutengenezwa siku hiyohiyo, kabla mvamizi wa kweli hajakigundua.

Mwaka jana Charles wetu wa hapa chumba cha ulinzi alibadilisha chaneli za redio akasahau kumwambia. Mzee akavuka, akaita, kimya. Gari lilipotumwa kumfuata lilimkuta palepale juani, kofia imelowa jasho. Tulitegemea matusi. Yeye akasema tu, "Nikadhani leo sionekani." Tulicheka mpaka machozi! Jioni nikamsimulia mume wangu Valerian, ambaye hunitazama mpaka chai inapoa, na katikati ya hadithi kicheko kikaniisha.

Maana tangu mkewe, Mama Paskazia, afariki, nyumba yao ya kijijini Didia imefungwa. Paskazia mwenyewe, binti yao, ameolewa Songea. Kila likizo mzee anarudi kazini kabla haijaisha, eti kuku wa jirani wanampigia kelele.

Na ni yeye aliyekuwa mshenga wetu! Alipofika nyumbani kwetu Kolandoto kuniposea alivuka ua, akasimama kimya katikati ya uwanja, akisubiri kujibiwa kama alivyozoea. Wazee wa kwetu wakaona hawajawahi kupata mgeni mwenye heshima kiasi kile, wakalegeza mahari papo hapo. Furaha niliyonayo leo, hii ninayoamka nayo kila siku, ilipita kwenye viatu vyake.

Wiki iliyopita aliomba jambo moja tu: abaki na redio. Akajibiwa kwamba ni mali ya mgodi, na hata hivyo kutoka Didia isingeshika. Akacheka, akasema alikuwa anatania. Sisi tunaomsikia kila asubuhi tunajua hakuwa anatania.

Mzee Bujiku, asante kwa kila hatua uliyotembea peke yako ili sisi tulale salama. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha shambani, na watu wa kukujibu. Kabla Julai haijaisha, mimi na Valerian tutakuja Didia. Tutavuka uwanja wako bila hodi, tutasimama katikati, na hatutasogea hata hatua moja. Wewe kaa tu barazani, utuambie umetuona.

Lusia, chumba cha ulinzi