Helmeti ya Jamali

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na walio mbele, asifiwe na walio nyuma! Mimi ni Ndugu Wanjala, mnanifahamu, yule wa baiskeli. Leo mnaniona mkono umefungwa kitambaa shingoni, na najua mmeshaambiana mengi kuhusu mkono huu. Wengine mmesema nilikuwa nimelewa. Nimesikia. Sijaonja pombe tangu niokoke, na aliyesema hivyo namjua na nimemsamehe, ingawa bado namtazama.

Ndugu zangu, nimesimama hapa kwa sababu niko hai! Na nimesimama kwa sababu Bwana amenifungua kutoka kwenye kifungo ambacho sikujua kwamba ni kifungo. Mimi nilidhani ni akili.

Nilikuwa mtu wa kushuku. Nilikuja Kampala kutoka kwetu magharibi ya Kenya vita vikiwa vimekwisha miaka michache tu, nikakuta watu wanatazamana kwa pembeni. Ukibisha hodi unaulizwa jina mara tatu. Ukisema Kiswahili wanakuangalia viatu kwanza, waone kama ni vya askari. Nikajifunza haraka, nikawapita walionifundisha. Mtu akimsifu mtoto wangu, namrudisha mtoto ndani. Fundi akinikazia gurudumu bure, nalifungua tena nyumbani nione ameweka nini. Hata hapa kanisani, mzee wa kanisa akinishika mkono kwa muda mrefu nilikuwa najiuliza anataka nini. Nisameheni, wazee wangu.

Kazi yangu mnaijua. Nachukua mizigo kwenye maduka ya uchapishaji pale Wandegeya, kadi za harusi, mabango ya mikutano, vitabu vya wanafunzi vilivyokwisha kujalidiwa, naipeleka kwa wenyewe kwa baiskeli. Leo Lubaga, kesho Makindye. Na kichwani sikuvaa kitu isipokuwa kofia ya kitambaa siku za jua kali. Helmeti nilikuwa nimeziona kwa polisi wa pikipiki na kwa wazungu wawili watatu waliopita wakitoa jasho. Nilijua hayo si mambo yetu.

Sasa, kule Kisugu ninakopanga chumba, ukishuka kutoka kwetu kwenda barabarani, unapita duka la Hajati Zaina. Wengi mnalijua duka lile, la sukari na mafuta ya taa. Watu wake ni Waislamu, babu yao alikuja na biashara kutoka pwani siku nyingi sana, na Kiswahili chake ni kile safi kinachotufanya sisi wengine tuone haya. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume, Jamali. Kijana huyo aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, akafa, mwaka mmoja kabla mimi sijahamia pale. Sikumjua. Nilisikia habari zake tu.

Siku moja asubuhi Hajati akaniita dukani. Akatoa kitu kwenye mfuko wa plastiki, akaniambia, "Baba Debora, kaka yangu aliye Uingereza alileta hii kwa ajili ya Jamali. Naomba uivae wewe. Una watoto." Ilikuwa helmeti ya baiskeli, nyekundu juu, nyeupe ndani.

Wapendwa, damu iliniganda! Kwetu, vitu vya marehemu havitolewi hivi hivi dukani. Hugawiwa siku maalumu baada ya maziko, mbele ya wazee, kwa watu wa damu peke yao. Na yule anayepewa kofia ndiye anayeshika nafasi ya marehemu. Mimi si wa damu yake. Si wa dini yake. Ananipa kofia ya mtoto aliyekufa kwenye baiskeli, mimi ninayekula kwa baiskeli! Nikajiuliza, nafasi ninayopewa ni ipi? Nikaona ni moja tu, nayo ina udongo juu yake.

Lakini niliipokea. Niliogopa nikikataa atatafuta njia nyingine ya kuniroga. Nikamwambia asante mama, Mungu akubariki, na moyoni nasema ushindwe.

Mke wangu, Mama Debora, aliishika akaigeuza. "Ni nyepesi," akasema. Na kweli, ndani lilikuwa lile povu jeupe wanalofungia redio mpya ndani ya boksi. Hapo nikazidi kushuku. Povu linaweza kuzuia lami? Mtu anakupa povu anakwambia ni kinga, huyo anakutakia mema?

Nilifikiri kumpelekea mchungaji aiombee. Halafu nikakumbuka mchungaji naye ana baiskeli. Baba mchungaji, nisamehe, nilihofia ungesema iache hapa kwanza. Kwa hiyo nikafunga kula mwenyewe, siku tatu, helmeti iko mezani mbele yangu, nakemea. Siku ya tatu nikaipaka mafuta. Ya upako sikuwa nayo, nikachukua yale ya kupikia. Mama Debora akaingia akanikuta nimeinamia helmeti inayong'aa mafuta. Akaniuliza, "Sasa unaikaanga?" Nilimwona kuwa ni mtu wa imani haba.

Wapendwa, sikilizeni unafiki wangu. Baada ya maombi yote hayo bado sikuiamini! Nikatengeneza utaratibu. Asubuhi nikitoka nyumbani naivaa. Napita mbele ya duka la Hajati nimeivaa, nimefunga hata kamba chini ya kidevu. Nikifika kona kwa fundi viatu, ambako hawezi kuniona, naivua, naitundika kwenye usukani, naendelea na safari ya mji mzima kichwa wazi. Jioni nikirudi, kwenye kona ile ile naivaa tena. Miezi minne! Magari yote ya Kampala nilikutana nayo bila kitu, na mbele ya gunia la sukari la Hajati ndipo nilipojikinga.

Na kila asubuhi Hajati alikuwa mlangoni. Anafagia, au amesimama tu. Nikipita ananitazama kichwani, kichwani kabisa, wala si usoni, halafu anainua mkono. Kila asubuhi! Mimi nikasema, mwanamke huyu anahesabu siku zangu. Anaangalia kama kazi yake imekaribia. Nikafika mahali pa kuomba kwa sauti nikiwa nampita, na yeye anadhani namsalimia, anaitikia.

Sasa ile siku. Kulikuwa na manyunyu ya mvua. Nyuma ya baiskeli nilikuwa nimefunga maboksi mawili ya kadi za harusi ya watu wa Lubaga. Kadi zile mimi na Mama Debora tulizikunja nyumbani na kuzitia kwenye bahasha. Nashuka mteremko nimeivaa helmeti kama kawaida, kwa ajili ya macho ya Hajati. Mbele ya duka lake kulikuwa na pikapu ya ndizi za matoke imeegeshwa. Nikatazama upande wa duka nimwone kama yupo, naye alikuwepo, na katika kutazama huko dereva wa pikapu akafungua mlango.

Ndugu zangu, nilibana breki zikateleza. Niliupiga mlango kwa bega, nikaruka. Nakumbuka kuona bahasha nyeupe hewani. Kichwa changu kikatua kwenye ukingo wa mtaro, ile saruji, pembeni hapa juu ya sikio. Nilisikia kitu kinapasuka, nikasema ndani yangu, hicho ni kichwa, kwaheri Debora.

Nilipofungua macho, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa Hajati. Amepiga magoti kwenye matope, ameshika kichwa changu kwa mikono miwili. Na mimi, mtu niliyeokoka, unajua nilisema nini? Nilimwambia, "Shindwa!" Nilidhani amekuja kumaliza! Nikajaribu kutambaa, mkono ukakataa, mfupa wa bega ulikuwa umevunjika.

Yule dereva akaja mbio. Akasema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiganda, "Banange, ssebo, wewe iko muzima? Mimi hapana ona wewe!" Kisha akainama, akaokota kipande cha povu kwenye matope, akakiangalia, akawaambia watu waliojaa, "Kichwa yake iko sawa. Hii kitu ndio imekufa."

Walinipeleka hospitali. Daktari akanifunga bega, halafu akaichukua ile helmeti, akaweka kidole kwenye ufa uliotoka juu mpaka kwenye sikio. Akaniambia povu lile limetengenezwa lipasuke, likipasuka linachukua pigo lote. Akasema ufa ule ungekuwa wa fuvu langu. Nikarudi nyumbani nayo, nimeipakata.

Lakini kushuku kulikuwa hakujafa, wapendwa! Nilipolala kitandani nikaanza tena: mbona nimeanguka mbele ya duka lake hasa? Mbona si Wandegeya penye magari? Moyo wa mtu una mashimo.

Siku ya tatu Hajati akabisha hodi. Aliingia na chupa ya uji, akakaa kwenye kigoda. Mke wangu akatoka nje kuanua nguo. Mimi nikaona kheri niseme. Nikamwambia, "Hajati, niambie ukweli. Kwa nini ulinipa kofia aliyokufa nayo mwanao?"

Akasema, "Hakufa nayo, mwanangu. Hakuivaa hata siku moja."

Akaniambia yote, polepole. Ilipofika kutoka Uingereza, Jamali alicheka. Alisema wenzake watamwita kobe. Mama akamsihi wiki nzima, halafu akachoka, akanyamaza. Siku aliyogongwa, helmeti ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka, na yeye mama alikuwa ameketi chini yake anapima mchele. Akaniambia, "Tangu nikupe wewe, kila asubuhi nasimama mlangoni nione umeivaa. Nikikuona umeivaa, nakula chakula changu vizuri."

Ndugu zangu! Miezi minne niliomba dhidi ya mwanamke huyu! Nililia kama mtoto. Na nikajua lazima nimwambie na lile la kona. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba nilikuwa naivua kwa fundi viatu, kila siku, na kwamba nilimdhania mchawi. Sikuweza kumtazama. Nilitamani anitukane, anyanyue chupa yake aende.

Hakunitukana. Aliomba nimwoneshe helmeti. Nikamwelekeza chini ya kitanda, akaitoa, akaiweka mapajani. Akaingiza vidole kwenye ule ufa, akavipitisha juu mpaka chini, juu mpaka chini. Akasema, "Watu waliniambia hata angeivaa angekufa tu. Nikawaamini, ili nipate usingizi." Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Kumbe ingemfaa."

Wapendwa, sijawahi kusikia neno zito kama lile. Alilia, na mimi nililia, Mwislamu na mlokole katika chumba kimoja cha Kisugu, tumeshika helmeti moja. Nilimwomba anisamehe. Akasema ameshanisamehe, lakini mwanawe ndiye anayemdai yeye radhi, kwa kuwa yeye mama alichoka kumsihi. Nikamwambia, Hajati, hukuchoka, uliniita mimi. Aliitikia kwa kichwa. Aliondoka na ile helmeti iliyopasuka, akaomba abaki nayo, nikamwachia.

Kwa hiyo leo namshukuru Mungu. Namshukuru kwa kichwa hiki. Namshukuru kwa kuwa aliniokoa nikiwa katikati ya unafiki, katika zile hatua mia nilizokuwa najionesha, wala hakungoja niwe mtu mwema. Namshukuru kwa dereva yule, ambaye ameshakuja mara mbili kunitazama, na mara ya kwanza tu ndipo nilipochungulia mfuko wake. Roho ile bado inarudi, ndugu zangu. Inarudi, lakini nikiitambua naikemea.

Nimeshanunua nyingine kwenye mitumba ya soko la Owino. Sijui ilikuwa ya nani, na sitauliza. Daktari akinifungua bega, nitaivaa kutoka mlangoni kwangu mpaka Wandegeya, na mpaka Lubaga, na kurudi. Wanafunzi watacheka. Nimewazia kicheko chao na naogopa kidogo, kwa hiyo niombeeni.

Na wewe uliyeketi hapa, kama kuna mtu amekupa kitu chema ukakificha kwa kuwa humwamini, mtumaini Mungu aliyemtuma, uende kwa mtu huyo leo. Asiyetumaini anachoka, mimi nawaambia, kushuku ni kazi ya mchana kutwa.

Jana nilimwambia Hajati kwamba nitasimama hapa kushuhudia. Aliniomba jambo moja tu. Alisema niwaite wenye watoto wanaoendesha baiskeli. Basi nawaita. Msitazamane. Najua mmechoka kuwasihi, najua wanacheka, najua wanasema wataitwa kobe. Simameni, wapendwa, tuombe, halafu mwende nyumbani mkawasihi tena. Ninyi bado mnaye wa kumvisha.