Bwana Silima na Picha Tatu za Dirishani

Alhamisi, tarehe 31 Disemba 1959, Bwana Silima Mkadam atafunga mlango wa Studio ya Rebelo pale Mkunazini, na kesho yake ataufungua mtu mwengine. Ameutumikia mlango huo kwa miaka thelathini na minane. Mimi Shemsa, ninayewapokea wanawake katika chumba cha nyuma, ndimi niliyetakiwa niandike habari zake kwa ajili ya hafla hii ya kumuaga. Nimeonywa nisitie chumvi. Nitajaribu.

Alikuja kutoka Tumbatu mwaka 1921, akapewa kazi ya kufuta vumbi kwenye sahani za kioo zenye picha za wateja. Wiki ya kwanza tu akavunja moja, tena ya harusi! Alikwenda kusema mwenyewe kabla hajaulizwa. Marehemu Bwana Rebelo mkubwa, baba wa bwana wetu wa sasa, alimfokea mpaka akachoka, kisha akamwingiza chumba cha giza akaanza kumfundisha kusafisha picha. Baadaye akamkabidhi kamera.

Wake wa mji huu wanamjua kwa adabu yake. Hupanga kamera na taa, akatoka nje, akafunga mlango. Ndipo bibi akavua buibui, nami nikabonyeza. Picha zikitoka nzuri husifiwa yeye, zikitoka mbaya nalaumiwa mimi. Nimezoea.

Dirisha la mbele lilikuwa milki yake. Hakuna aliyethubutu kugusa fremu humo, hata Bwana Rebelo. Na ni dirisha hilo lililompa Bwana Silima jina mjini, likampa na huzuni yake kubwa.

Mwaka 1957 Unguja nzima ilikuwa na homa ya uchaguzi, na Jumuiya ya Mafundi nayo ikaamua kumchagua rais wake tawi kwa tawi. Kila Ijumaa baada ya sala, tawi moja lilikutana, wanachama wakapanga mstari nyuma ya mwakilishi wa mgombea wanayemtaka, wakahesabiwa. Mwisho hesabu za matawi yote zingejumlishwa. Wagombea walikuwa watatu: Bakar Duni, seremala wa milango wa Malindi, Msabah, mshoni wa hapa Mkunazini, na Mcha, mwashi wa Ng'ambo. Wote watatu walikuja kupigwa picha kwetu, na Bwana Silima akazitia dirishani.

Kila Jumamosi asubuhi alimhamishia katikati aliyeongoza jana yake. Basi ikawa desturi. Watu wakitoka sokoni na vikapu vyao husimama kwanza kuuliza, "Haya, nani kakaa kati?" Malindi walimpa Bakar, naye akakaa kati. Ng'ambo wakampa Mcha, kwani nusu ya kuta zao kazipiga lipu yeye, na Bakar akasogezwa pembeni. Msabah hakuambulia kitu huko, mpaka wateja wake wakamtania ati akashone mapazia. Mpendae wakamrudisha Bakar kati, safari hii kwa watu wengi, na mji mzima ukasema hapo basi, kesha pata.

Ubaya ni kwamba jua la alasiri hupiga pale pale katikati. Alhamisi kabla ya zamu ya Tunguu, tawi lenye wanachama wengi kuliko yote, Bwana Silima aliona uso wa Bakar umepauka na kuwa wa manjano. Aliitoa picha akikusudia kusafisha nyengine siku ile ile. Kufungua boksi la karatasi za picha, zote zimeingia unyevu, na mpya zingali melini. Mtu mwengine angeirudisha ile ile. Yeye aliona haya kumrudisha mtu mzima mbele za watu na uso ule, akaona bora pakae wazi.

Loo! Kabla ya magharibi habari ilishafika mashamba: Bakar kajitoa. Ijumaa ile Tunguu, watu wake wengi hawakutoka majumbani, na waliotoka hawakumsadiki hata mwakilishi wake, wakasimama nyuma ya yule wa Msabah. Bakar aliyeongoza akawa wa mwisho huko.

Jumamosi tulijaziwa watu mlangoni. Wengine walisema wazi kuwa Bwana Silima kanunuliwa. Bi Wanu, mke wa Bakar, alikuja moja kwa moja chumba cha nyuma, akakaa bila ya kuvua buibui.

"Nambie kweli, Shemsa. Mume wangu kauzwa?"

Nilikwenda kumletea ile picha. Aliitazama, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama tena.

"Huyu Bakar huyu? Huyu embe bivu!" Akacheka, kisha akajifuta machozi, na mimi nikalia naye.

Bwana Silima yeye hakulia. Alimpelekea Bwana Rebelo funguo za studio ili aache kazi, Bwana Rebelo akakataa kuzipokea. Kutoka hapo akenda kwa miguu mpaka karakana ya Bakar Malindi, akaeleza kila kitu mbele ya mafundi wote, akaomba radhi. Bakar aliendelea kupiga randa ubao wake mpaka mwenzake akaondoka.

Lilikuwa limebaki tawi la Jambiani. Bwana Silima aliazima karatasi studio nyengine, akasafisha picha mpya ya Bakar, akaiomba Jumuiya ruhusa ya kuzipeleka picha zote tatu huko, watu wazione kwa macho yao. Alizifunga kwa kanga yangu, akakataza katakata zisipandishwe juu ya gari pamoja na makuku, akazipakata njia nzima. Jambiani alizitundika ukutani, zote kimo kimoja, na wanachama wakapanga mistari mbele ya picha. Bakar alishinda.

Lakini hesabu zilipojumlishwa, pengo la Tunguu halikuzibika. Msabah ndiye aliyekuwa rais, na haki isemwe, kaifanya kazi vizuri. Watu wa Malindi walitaka Tunguu irudiwe. Bakar akakataa. "Wa Tunguu wana miguu," alisema. "Wangekuja kuniuliza." Wako waliosema ni ungwana, wako waliosema ni kiburi. Kwa Bwana Silima hakutuma salamu wala lawama, na hilo la kunyamaziwa ndilo lililomla. Tangu siku ile hapiti tena karakana ile. Huzungukia Kiponda akisema ndiyo njia fupi, na sisi tunamwachia tu.

Kazi yake haikulegea. Skuli zinamtaka yeye kwa picha za mwaka, na harusi haziwekwi siku mpaka aulizwe ana nafasi. Lakini kila Jumamosi alipokuwa akifuta kioo cha dirisha, nilimwona moyo wake hauko pale.

Mwakani Jumuiya inachagua tena. Jumatatu iliyopita mlango ulifunguliwa, akaingia Bwana Bakar Duni, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Bwana Rebelo akakimbilia kamera yeye mwenyewe. Bwana Bakar akatikisa kichwa: hapigwi picha na mtu ila Silima. Bwana Silima alipanga taa, akampiga picha. Kisha akamuuliza, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, kama anataka picha hiyo itiwe dirishani au isitiwe.

"Niweke unapoona wewe, Silima," alijibu. "Na jua likinila, nitoe. Usingoje kuniuliza."

Bwana Silima aliingia chumba cha giza, akakaa humo muda mrefu. Hakuna aliyemgongea.

Ahsante, Bwana Silima, kwa miaka yote hii na kwa uvumilivu wako kwetu. Mola akupe afya, na siku zako za mapumziko ziwe za raha, wewe na watu wa nyumbani kwako. Nenda umetulia. Bwana Bakar yuko dirishani, na jua la alasiri tutaliangalia sisi.