Kutoka Wodi ya Njiti hadi Karakana: Mama Bisibisi Astaafu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi mkuu wa karakana ya vifaa vya hospitali yetu anastaafu. Kwenye barua ya ajira ana jina refu la kupendeza. Sisi tunamwita Mama Bisibisi, na hata mkurugenzi aliwahi kuliandika jina hilo kwenye waraka rasmi bila kushtuka.

Wengi mliokuja karibuni mnamjua kama fundi. Mimi, muuguzi wa wodi ya watoto njiti tangu zamani, namkumbuka akiwa na ndoo na kitambaa. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita kama mhudumu wa wodi: kupiga deki, kubadilisha mashuka, kupangusa mashine za joto wanamolazwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mashine ikizima, alishuka ngazi mbiombio hadi karakana kumwita fundi. Alizishuka ngazi hizo kwa miaka kumi na miwili.

Ndipo hospitali ilipotangaza nafasi mbili za uanagenzi. Mtumishi angebaki kwenye kazi yake asubuhi, mchana ajifunze karakana, na Jumamosi aende chuo cha ufundi, kwa miaka mitatu. Waombaji walikuwa vijana watupu, na yeye. Kwenye usaili aliulizwa kwa nini achukuliwe mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye watoto watatu.

“Kwa sababu mimi ndiye ninayewaita mafundi kila siku,” alijibu. “Nimechoka kuita.”

Jopo lilicheka, akachukuliwa.

Saa nane mchana alivua gauni la wodi na kuvaa ovaroli ya bluu iliyomzidi kila upande. Mumewe, fundi cherehani, aliipunguza na kuishonea mifuko sita, kisha akahamishia cherehani yake karibu na jiko ili aweze kushona huku akichungulia sufuria. Mama mkwe hakufurahi. Alinung'unika kwamba mke wa mtu anarudi nyumbani ananuka moshi wa kulehemu. Siku redio yake iliyokuwa kimya miaka miwili ilipoanza kuzungumza, manung'uniko yakaisha, na yeye mwenyewe akaanza kuwaleta majirani na pasi zao. Fizikia alifundishwa na binti yake mkubwa wa sekondari. Walisoma meza moja, wakigombania kikokotoo kimoja.

Hata hivyo, mwisho wa mwaka wa kwanza alianguka mtihani wa umeme, kwa upungufu wa alama nne tu. Aliikunja ovaroli vizuri, akampelekea fundi mkuu wa wakati huo, mzee wa maneno machache aliyeogopwa hata na jenereta.

“Shikamoo, mzee. Nimekuja kurudisha hii.”

“Marahaba. Imechanika?”

“Haijachanika.”

“Basi hairudishwi. Kavae, kuna pampu inakusubiri mezani.”

Miezi mitatu baadaye alirudia mtihani ule, akapata alama za juu kuliko wote chuoni.

Mwaka wa tatu kila mwanagenzi alitakiwa kufufua kifaa kimoja kilichokatiwa tamaa. Wakati huo wodi yetu ilikuwa taabani. Mashine za joto zilikuwa sita, nzima mbili tu, na watoto wanaozihitaji walikuwa watano. Tulikuwa tukiwalaza humo kwa zamu, na kila tulipomtoa mmoja, mioyo ilikuwa juu juu. Nne mbovu zilipangwa ukutani nje ya stoo. Mwanagenzi mwenzake alichagua kiti cha magurudumu. Yeye akasema anazitaka zote nne.

Aliifungua ya kwanza, akakuta waya wa kihisi joto umekatika ndani ya ganda lake, karibu kabisa na plagi. Ya pili, pale pale. Ya tatu, pale pale. Mafundi walikuwa wamebadilisha nyaya hizo mara kadhaa, hadi akiba ikaisha, bila kujua kwa nini hazidumu. Yeye alijua, maana mkono uliozikata ulikuwa wake. Sisi wauguzi ndio tuliowafundisha wahudumu kuubana waya huo kwa kitambaa na kuuvuta kwa nguvu hadi mwisho, kila asubuhi.

“Sista,” aliniambia, uso umemsawijika, “tumekuwa tukiziua wenyewe kwa usafi.”

Nyaya mpya zilipofika, alizifunga kwa kibanio alichokibuni mwenyewe ili mvuto usifike kwenye plagi. Ya nne ilikuwa na ugonjwa wake mwingine, akaigeuza kuwa vipuri. Zile tatu zilipimwa siku tatu mfululizo. Jumatatu asubuhi zikarudi wodini, yeye akisukuma ya mbele. Tulimlaza humo mtoto wa kilo moja na gramu mia moja. Joto likapanda, likatulia pale tulipoliweka. Mtahini aliyetumwa na chuo alisahau fomu yake mkononi. Mimi nililia. Yeye aliwakusanya wahudumu wenzake, akawaonyesha namna mpya ya kupangusa, kisha akachukua ndoo, kwa kuwa zamu yake ilikuwa haijaisha.

Alifuzu daraja la kwanza. Tangu hapo ametumikia karakana miaka kumi na tisa, tisa kati ya hiyo akiwa mkuu wake. Muuzaji mmoja wa mashine aliwahi kutuambia kwamba mashine yetu ya kufyonzea makohozi imekufa na dawa yake ni kununua mpya. Mama Bisibisi akaifungua mbele yake, akatoa kifuniko cha kalamu kilichokuwa kimeziba bomba, akaiwasha. Muuzaji alisahau mkoba wake.

Amefundisha wanagenzi ishirini na watatu, wakiwemo dereva wa gari la wagonjwa, wapishi wawili na karani wa mapokezi. Sharti lake moja halijabadilika: kabla ya kugusa skrubu, fanya wiki nzima wodini, kitambaa mkononi. Mmoja wa wapishi wale ndiye anayepokea funguo za karakana.

Ijumaa iliyopita alifuta mstari wa mwisho kwenye ubao wa vifaa vinavyosubiri matengenezo. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa, ubao ule ulikuwa mtupu. Watu walitoka maabara, jikoni na mapokezi kuja kuutazama, makofi yakapigwa hadi wodi ya pili.

Ahsante sana, Mama Bisibisi. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, wewe na fundi cherehani wako. Umetuachia hospitali inayofanya kazi.